Krismasi ya Copenhagen na Swali la Jirani

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, uko kwenye latitudo ya 55 kaskazini, na Krismasi huufikia wakati giza limekithiri kuliko kipindi kingine chochote cha mwaka. Karibu na tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa mbili na nusu ya asubuhi imekwisha pita, nalo hutua kabla ya saa kumi alasiri. Mchana wote ni wa saa saba tu, na mara nyingi hata hizo hufunikwa na mawingu. Ndiyo maana majira ya sikukuu huko huhesabiwa kwa mwanga. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, nyumba nyingi huweka shada la matawi ya msonobari lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mshumaa mmoja zaidi. Wengine huwa na mshumaa mrefu ulioandikwa namba 1 hadi 24, unaoachwa uungue namba moja kwa siku mpaka mkesha wa Krismasi.

Mwanga huo unaambatana na swali la dini lisilokwepeka. Katiba ya mwaka 1849 ililitambua Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kuwa kanisa la watu wa Denmark, linalosaidiwa na dola, na papo hapo ikampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Hadi leo takriban watu saba kati ya kumi wamo katika daftari la kanisa hilo. Jumapili za kawaida wengi wao hawaonekani ibadani, lakini tarehe 24 Desemba makanisa hujaa. Wanaadhimisha nini? Je, sikukuu inaweza kubaki ya kweli pale imani iliyoizaa inapofifia? Na yule ambaye bado anaamini, sikukuu hiyo inamdai nini?

Maswali haya huchunguzwa vizuri kwa miguu, kwa sababu ya jinsi mji wenyewe ulivyo. Hadi miaka ya 1850 Copenhagen ilizungukwa na kuta za ngome, na wakazi wapatao 130,000 walibanana humo ndani. Sehemu hiyo ya kale humalizika kwa mwendo wa nusu saa hivi. Mwanafalsafa Søren Kierkegaard, mchungaji na mtunzi wa nyimbo za kanisa N. F. S. Grundtvig, na mwandishi wa hadithi Hans Christian Andersen waliishi humo katika zama moja na kukanyaga mitaa ileile. Kila mmoja ana neno lake juu ya sikukuu hii, na toka neno la mmoja hadi la mwenzake ni hatua chache za barabara.

Mtaa wa biashara

Njia iliyozoeleka huanzia Rådhuspladsen, uwanja ulio mbele ya ukumbi wa jiji, ambako husimamishwa msonobari mkubwa wenye taa. Jirani yake kuna bustani ya burudani ya Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843. Zamani ilifungwa majira ya baridi, lakini tangu 1994 hufungua pia msimu wa Krismasi. Kutoka uwanjani hapo huanza Strøget, mtaa wa maduka wenye urefu wa kilomita moja na ushei unaoishia Kongens Nytorv. Magari yalipigwa marufuku katika mtaa huu kwa majaribio Novemba 1962. Wenye maduka walihofia kupoteza wateja, ila watu walifurika kuliko kabla, na uamuzi ukawa wa kudumu. Mbunifu majengo Jan Gehl alitumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyotembea, wanavyosimama na wanavyokaa katika mitaa ya aina hiyo, na kazi yake imewafunza wapangaji wa miji duniani kote kwamba mji hujengwa kwanza kwa ajili ya anayetembea.

Desemba mtaa huo hujaa wanunuzi, harufu ya lozi zinazokaangwa kwa sukari, na vibanda vya mvinyo wa moto uliotiwa viungo. Ni rahisi kuhitimisha kwamba biashara imeimeza sikukuu, lakini hukumu hiyo ni ya haraka mno. Zawadi ni sehemu ya Krismasi kwa sababu sikukuu yenyewe inasimulia kitu kilichotolewa bure. Hata fedha ya sokoni inaweza kugeuzwa ikaelekea kwa asiyenunua. Mwaka 1904 mfanyakazi wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, alipendekeza kila barua ya Krismasi ibandikwe, pamoja na stempu ya kawaida, karatasi ndogo ya kuuzwa kwa bei nafuu, na mapato yawasaidie watoto wenye kifua kikuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa karatasi ya kwanza ya aina hiyo duniani, na nchi nyingi ziliiga. Kifua kikuu kilipopungua, makao yaliyojengwa kwa fedha hizo yaliendelea kupokea watoto wenye dhiki nyingine, wakiwemo wapweke na wanaoonewa na wenzao. Hivyo swali la kweli kuhusu mtaa wa biashara ni kama kinachonunuliwa hapo kinaishia kwa walionacho tu.

Kristo wa Thorvaldsen

Hatua chache kaskazini mwa Strøget liko Vor Frue Kirke, kanisa kuu la jiji. Jengo lililotangulia liliteketea mwaka 1807 Waingereza walipoupiga mji kwa mizinga. Jengo la sasa, lililochorwa na C. F. Hansen, liliwekwa wakfu mwaka 1829. Kuta zake ni nyeupe na hazina mapambo mengi. Kando ya ukumbi wamepangwa mitume kumi na wawili wa mchongaji Bertel Thorvaldsen, na juu ya altare amesimama Kristo wa marumaru, mikono ameinyoosha chini na mbele, kichwa amekiinamisha. Kwenye kitako yamechongwa maneno ya mwaliko kutoka Injili ya Mathayo, yanayowaita waliochoka waende kwake. Husemwa tangu zamani kwamba atakayetaka kuuona vema uso wa sanamu hiyo hana budi kupiga magoti.

Umbo hilo linabeba fundisho ambalo Krismasi imejengwa juu yake, yaani fumbo la umwilisho: kwamba Mungu alishuka akawa mtu. Kierkegaard, aliyewahi kuhubiri katika kanisa hili kwenye ibada za Ijumaa za Meza ya Bwana, alilichambua fundisho hilo katika kitabu chake cha mwaka 1844 kiitwacho *Vipande vya Kifalsafa*. Anatoa mfano wa mfalme aliyempenda binti maskini. Mfalme angeweza kumpandisha binti huyo hadi jumbani kwake, lakini binti angeishi na shaka kama amependwa yeye au yamependwa mapambo aliyovishwa. Angeweza pia kumtokea katika fahari yake yote, lakini binti angebaki kustaajabu, na mwenye kustaajabu hawi sawa na anayemstaajabia. Iliyobaki ni njia moja, kushuka. Na kushuka kwenyewe kusiwe kuvaa nguo za mtumishi ili kuzivua kesho, bali kuwa mtumishi kweli. Upendo unaotafuta usawa haumwinui mpendwa kwa nguvu, unamfuata alipo.

Kitabu hicho kina hoja nyingine inayogusa sikukuu moja kwa moja. Sokrate alifundisha kwamba ukweli tayari umo ndani ya mtu, na kazi ya mwalimu ni kumsaidia auzae. Ikiwa ni hivyo, saa na mahali mtu alipojifunza havina uzito. Imani ya Kikristo inadai kinyume: ukweli ulimjia mwanadamu kutoka nje, wakati fulani, mahali fulani. Ndiyo sababu ya kuwa na tarehe ya kuadhimisha. Lakini tukio la kihistoria linawezaje kuwa msingi wa uzima wa milele, ilhali historia daima ina mashaka? Kierkegaard anajibu kwamba aliyekuwapo siku ile hakuwa na nafasi bora kuliko aliyezaliwa karne kumi na nane baadaye. Waliomwona mtoto waliona mtoto, na Mungu hakuonekana kwa macho. Wa kwanza na wa mwisho wote hufika mahali pamoja, mahali pa kuamua. Kwa mtazamo huo hakuna anayerithi Krismasi kwa wazazi wake, wala kwa taifa lake.

Kanisa la kila mtu

Kierkegaard alizaliwa mwaka 1813 katika nyumba iliyokuwa Nytorv, uwanja unaopakana na Strøget. Alikuwa mtembeaji wa kila siku. Alimshika mkono mpita njia yeyote, awe profesa au mchukuzi, na kuzungumza naye huku wakienda. Katika barua ya mwaka 1847 alimsihi shemeji yake Henriette asiache kutembea, kwa kuwa mawazo yake mwenyewe yaliyo bora yalimjia akitembea. Starehe hiyo ilitiwa doa mwaka 1846, gazeti la vikatuni *Corsaren* lilipomfanyia dhihaka hata watoto wa mitaani wakawa wanamcheka suruali yake. Mtu aliyeichukulia barabara kuwa darasa alijifunza pia barabarani kwamba umati unaweza kumkana mtu mmoja.

Januari 1854 alifariki Askofu Jakob Peter Mynster, kiongozi wa kanisa la Denmark. Mrithi wake, Hans Lassen Martensen, alimsifu katika mahubiri kuwa shahidi wa kweli, mmoja katika safu ndefu inayoanzia kwa mitume. Kierkegaard alinyamaza kwa miezi mingi. Tarehe 18 Desemba mwaka huo, wiki moja kabla ya Krismasi, alichapisha katika gazeti la *Fædrelandet* makala ya kupinga sifa hizo. Shahidi wa kweli, alieleza, ni mtu aliyeishi katika ufukara na mateso kwa ajili ya anachokifundisha. Askofu aliyelipwa na serikali na kuheshimiwa na wakubwa hakuwa hivyo. Mwaka 1855 aliendeleza vita hiyo katika jarida lake *Øjeblikket*. Kiini cha hoja yake ni hiki: pale kila raia anapohesabiwa Mkristo kwa kuzaliwa tu, Ukristo umekoma, kwa sababu hakuna tena anayeuchagua. Alianguka barabarani vuli ya mwaka huo, akakataa kupokea Meza ya Bwana kwa mkono wa mchungaji aliyekuwa mtumishi wa dola, na akafa tarehe 11 Novemba akiwa na miaka 42.

Hoja hiyo ikipelekwa kwenye mkesha wa Krismasi, inakata pande mbili. Inamhoji anayekwenda kanisani mara moja kwa mwaka ili asikie nyimbo za utotoni. Inamhoji vilevile mshiriki wa kila Jumapili ambaye imani haijawahi kumgharimu chochote. Wala haiishii Denmark. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, lina ukiri uleule na ibada zinazojaa kwa wingi ambao Copenhagen huuona Krismasi tu. Wingi huo ni neema, lakini kwa kipimo cha Kierkegaard si ushahidi. Swali huulizwa mtu mmoja mmoja.

Jibu la Grundtvig

Kando ya Rådhuspladsen kuna majengo ya Vartov, yaliyokuwa makao ya wazee na maskini. Grundtvig alihudumu katika kanisa lake dogo tangu 1839 hadi alipofariki mwaka 1872. Yeye alianza kwingine kabisa. Alishikilia kwamba mtu huwa binadamu kwanza, ndipo awe Mkristo. Imani kwake haikai ndani ya nafsi ya mtu mmoja anayehangaika peke yake, bali hukaa katika jumuiya inayokiri, inayobatiza na inayoimba. Aliandika nyimbo nyingi sana, na baadhi ya zile za Krismasi huimbwa na Wadenmark wote, waamini na wasioamini, hadi leo.

Athari yake inaonekana zaidi nyumbani kuliko kanisani. Jioni ya tarehe 24, baada ya chakula cha bata au nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi vilivyokaangwa kwa sukari, kabichi nyekundu, na wali wa maziwa uliochanganywa krimu na kufichwa lozi moja nzima, familia hushikana mikono na kuuzunguka msonobari wakiimba. Babu asiyekanyaga kanisani mwaka mzima huimba kwa sauti habari za mtoto wa Bethlehemu. Kwa Kierkegaard huo ungekuwa unafiki. Kwa Grundtvig, wimbo unaweza kumbeba mtu siku ambazo imani yake mwenyewe haina nguvu ya kusimama, na taifa linaweza kumtunzia mtoto maneno ambayo atayahitaji ukubwani.

Jibu hili lina uzito ambao mkosoaji mkali hupenda kuusahau. Hakuna anayejifunza kusali, kupenda au kusema kweli akiwa peke yake. Wazo hilohilo lilimfanya Grundtvig apiganie shule za watu wazima zisizo na mitihani, ambamo mkulima angejifunza kwa mazungumzo na nyimbo. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, mtindo ukaenea Uswidi na Norwei, na mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Uswidi, ikaanzisha kwa mfano huo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hata hivyo jumuiya ina hatari yake. Wanaoshikana mikono kuuzunguka mti hufanya duara, na duara lina ndani na nje. Kadiri watu wanavyopendana ndani, ndivyo wanavyoweza kumsahau aliye nje, hata bila kumchukia.

Mlango uliofungwa

Upande wa nje ulikuwa eneo la Andersen. Mtoto wa fundi viatu na dobi kutoka Odense, aliujua umaskini kabla ya kujua sifa. Hadithi yake ya msichana muuza viberiti ilitoka Desemba 1845. Inasimulia jioni ya mwisho wa mwaka: mtoto asiye na viatu anawasha njiti moja baada ya nyingine ili apate joto, na katika miali yake anaona jiko, meza iliyoandaliwa na mti wa Krismasi. Asubuhi anakutwa amekufa. Wasomaji wengi huikumbuka kama hadithi ya huruma, lakini ni shtaka. Nyumba zina mwanga, madirisha yana harufu ya chakula, wapita njia ni wengi, na hakuna mmoja aliyenunua. Waswahili wamelisema kwa maneno machache: aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Anayetembea Copenhagen jioni ya mkesha huigundua hali hiyo kwa macho. Maduka hufungwa mapema, mabasi hupungua, na Strøget, uliokuwa umefurika siku moja kabla, hubaki karibu mtupu. Krismasi ya Denmark ni sikukuu ya ndani ya nyumba. Wanaobaki barabarani ni walinzi, madereva, wageni, na wasio na mlango wa kubisha. Hapo ndipo simulizi la Injili linapogeuka kuwa zito. Luka anaeleza kwamba mtoto alilazwa horini kwa kuwa hapakuwa na nafasi penginepo. Mathayo anaeleza kwamba familia ile ilikimbilia Misri kuokoa maisha ya mtoto. Sikukuu inayoadhimishwa nyuma ya milango inasimulia habari za waliokosa mlango.

Mji wenyewe umejaribu kuliziba pengo hilo. Tarehe 13 Desemba, kwa desturi iliyotoka Uswidi mwaka 1944 Denmark ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, watoto waliovaa kanzu nyeupe hutembea na mishumaa mikononi kumkumbuka Mtakatifu Lucia, shahidi wa Sirakusa. Hupita shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za wazee, wakimfikishia mwanga asiyeweza kutoka. Shirika la Kirkens Korshær, lililoanzishwa mwaka 1912, na Jeshi la Wokovu huwasaidia wasio na makao na familia zenye upungufu. Katika mtaa wa Istedgade, nyuma ya kituo kikuu cha treni, Mariakirken huwapokea watu waliozama katika dawa za kulevya na ukahaba, ambao makanisa mengine yangewaona kama usumbufu.

Wapo wanaosema kwamba Denmark imelimaliza deni hili kwa njia bora kuliko sadaka. Sheria ya mwaka 1891 iliwapa wazee maskini haki ya kusaidiwa kwa fedha za umma, na makubaliano ya kisiasa ya mwaka 1933 yalifungua njia ya hifadhi ya jamii iliyo pana, inayolipiwa kwa kodi. Kwa hoja hii, kupungua kwa waumini si anguko. Amri ya kumpenda jirani imetoka mimbarini ikaingia katika sheria, na mtoto wa viberiti sasa ana shule na daktari. Hilo ni jambo kubwa, nalo lastahili kusifiwa bila kigugumizi. Nchi inayomlinda mnyonge kwa sheria imeielewa Injili kuliko inayomlinda kwa mahubiri tu. Hata hivyo sheria humpa mtu pango na matibabu, lakini haiwezi kuketi naye mezani. Upweke wa mzee, wa mgeni na wa mlevi hauna fomu ya kujazwa.

Kipimo cha sikukuu

Jibu la maswali yaliyoulizwa mwanzoni hupatikana katika kitabu kingine cha Kierkegaard, *Matendo ya Upendo* cha mwaka 1847, ambacho kinamkaribia Grundtvig kuliko wote wawili walivyodhani. Anatenganisha upendo wa aina mbili. Upo upendo wa kuchagua, ambao humpenda rafiki, mwenzi na mtoto. Huu ni mwema, ila mtu hupenda ndani yake kilicho chake. Na upo upendo ulioamriwa, ambao hauchagui. Jirani, anaeleza, hatafutwi: mtu akimaliza sala yake na kufungua mlango, yule wa kwanza atakayekutana naye ndiye. Kwa hiyo ujirani hauna uhusiano na damu, lugha wala tabia njema ya anayependwa.

Kipimo hiki kinazipatanisha hoja zilizokuwa zikigongana. Kierkegaard ana haki kusema kwamba Krismasi hairithiwi, kwa kuwa hakuna anayeweza kumfungulia jirani mlango kwa niaba ya mwenzake. Grundtvig ana haki kusema kwamba mtu huhitaji jumuiya na nyimbo zake, kwa kuwa bila nyumba hakuna mlango wa kufungua. Na Andersen ana haki kuwakumbusha wote wawili kwamba nje kuna baridi. Imani inayoshangilia kushuka kwa Mungu na kukataa kushuka ngazi za nyumba yake inajipinga. Naye asiyeamini akimkaribisha mpweke mezani pake anaitunza maana ya sikukuu hii hata kama hakiri fundisho lake, ingawa bado atakuwa na deni la kujiuliza upendo usiochagua ulimtoka wapi.

Mapokeo ya Kiswahili yana msemo unaofika mahali hapohapo kwa njia yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo haumwiti mgeni mzigo wala mwenyeji mfadhili. Unasema anayepona ni aliyefungua. Ndivyo umwilisho unavyofundishwa pia, kwamba Mungu alikuja kama mgeni na wenyeji ndio waliokuwa wagonjwa. Kwa hiyo ukweli wa Krismasi, Copenhagen au penginepo, hauamuliwi na wingi wa taa mitaani, wala na idadi ya waliojaa kanisani usiku mmoja. Huamuliwa na nafasi anayopewa mezani mtu ambaye hakuna sheria, damu wala desturi iliyomlazimisha mwenyeji kumpa.